Nilitafuta Babu, Nikapata Madeni

Jirani, hebu niulize jina la kocha wa Arsenal. Niulize refa gani alitunyima penalti na alikuwa amesimama wapi. Niulize mheshimiwa fulani ana wake wangapi na yule mdogo amejengewa mtaa gani. Nitakujibu bila kumeza mate. Sasa niulize baba ya babu yangu aliitwa nani. Haya basi. Umeona? Shingo imeanza kuinuka. Naangalia mabati kama kuku anayekunywa maji.

Hivyo ndivyo nilivyo, na nilikuwa nimeshazoea. Hii Huruma yetu ya Eldoret hakuna anayekuuliza baba ya babu. Hapa unaulizwa kodi. Unaulizwa kama mtungi wa gesi ni wako au umeazima. Mwenye nyumba akitaka kujua ukoo wako anaangalia kitambulisho, na hapo amejitahidi sana. Tumetoka kila upande sisi. Bungoma, Kakamega, Kisii, Siaya, Nyandarua, Nandi hapo karibu. Kila mtu aliposhuka stegi aliwasahau mababu kwenye matatu pamoja na mwavuli.

Shida ililetwa na karatasi. Ilibandikwa pale kwa kinu cha posho, juu kidogo ya ile ya daktari anayerudisha wapenzi waliotoroka. Darasa la bure, jifunze kutafuta historia ya familia yako, Jumamosi saa nane, ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Chai ipo. Mimi karatasi huanza kuisoma kutoka chini. Jumamosi hiyo saa nane kasoro nilikuwa benchi la mbele, nimevaa shati la mazishi. Hakukuwa na chai. Chai ilikuwa saa kumi. Hao watu wanatujua.

Mwalimu ni mama aliyestaafu kufundisha historia sekondari. Tunamwita Madam. Ana miwani ya aina mbili, moja ya kusomea na moja ya kukutazama unapoanza kudanganya. Ana msaidizi, kijana wa laptopu, mpole, anayekuita mzee hata kama umemzidi miaka sita tu.

Madam akagawa karatasi za visanduku. Kimoja chini, hicho chako. Viwili juu yake, baba na mama. Vinne vya babu na nyanya. Vinane vya wale wa juu zaidi. Bana, mimi fomu ndiyo kazi yangu. Nimejaza za basari, nimejaza za mkopo, nimejaza za kazi ambazo walipewa wapwa wa watu. Nikachukua kalamu kwa maringo. Changu nikajaza. Cha baba nikajaza. Cha mama nikaandika Mama Wafula, halafu nikakumbuka huyo Wafula ni mimi.

Cha nyanya nikaandika Kukhu.

Madam akaja, akainama, akabadilisha miwani. "Kukhu ndilo jina lake?"

"Ndilo tulilokuwa tunamwita, Madam."

"Hilo ni nyanya tu kwa Kibukusu. Mume wake alikuwa akimwita nani?"

Nikafikiri sana. Nikamwona marehemu Kuka, babu yangu, amekaa mlangoni, fimbo mkononi, anaita chakula. "Alikuwa anamwita 'wewe'."

Ukumbi mzima ukacheka. Aliyecheka zaidi ni mama mboga wetu, yule wa kona ya kuelekea Kamukunji, ambaye sikujua kuwa yupo mpaka nikasikia kicheko chake nyuma ya shingo yangu. Karatasi yake ilikuwa imejaa. Visanduku kumi na tano vyote, na pembeni ameongeza mashangazi. Huyo ndiye mwenye daftari la madeni ya sukuma wiki, na kurasa mbili ni zangu. Sasa anajua sina hela na sina ukoo.

Halafu tukaambiwa kila mmoja aseme kwa nini amekuja. Hapo ndipo utajua Wakenya hatuna aibu. Mzee mmoja wa Kinandi akasimama, akasema ana hakika damu yake inagusana na ya Koitalel Samoei, yule Orkoiyot, kiongozi wa Wanandi, aliyepigwa risasi na Meinertzhagen Oktoba 1905 wakati alikuwa ameitwa kwenye mazungumzo ya amani. Sawa. Fundi wa viatu kutoka Mumias akasema yeye ni wa nyumba ya Nabongo Mumia. Sawa. Kuna dada wa saluni ambaye babu yake alikula meza moja na Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa. Ukumbi wote ni wafalme na manabii, na wote tunakaa chumba kimoja choo nje. Hakuna hata mmoja ambaye babu yake aliiba kuku. Sasa hao kuku wa zamani waliibwa na nani?

Zamu yangu ilipofika nikasema nimekuja kwa sababu ya chai. Madam akaandika kitu kwenye daftari lake. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Tukaenda kwa kompyuta. Kijana akafungua FamilySearch, mtandao wa bure wa Wamormoni wa kule Utah, Marekani. Hao wazungu wamekuwa wakikusanya majina ya ukoo tangu 1894. Siku hizi wana watu wanaozunguka Afrika, Kenya ikiwemo, wanakaa chini na wazee vijijini na kuandika koo kutoka mdomoni kabla mzee hajaondoka nazo. Nikasema safi, basi kazi imeisha, niandikie tu jina nione.

"Jina la mwisho, mzee?"

Jirani, hapo ndipo nilipojua hiyo mashine haijawahi kufika Bungoma. Jina la mwisho la nani? Mimi ni Wafula wa Wekesa. Baba yangu ni Wekesa wa Wafula. Babu ni Wafula wa mtu ambaye ndiye tunamtafuta. Kila kizazi tunageuza. Mzungu yeye ni Smith, babu yake Smith, paka wake Smith, unavuta kamba moja wote wanakuja. Sisi ukivuta kamba unapata jirani.

Na si hilo tu. Sisi majina tunapewa na hali ya hewa. Ukizaliwa mvua inanyesha wewe ni Wafula. Mavuno, Wekesa. Kiangazi, Simiyu. Njaa ikiwa imepiga, Wanjala, na utaitwa hivyo hata ukinenepa. Sasa mvua ya magharibi wewe unaijua. Kijana akabonyeza, akina Wafula wakamiminika. Wa Kimilili, wa Chwele, wa Kitale, wakavuka mpaka wakaingia Mbale, Uganda, kwa Wagisu, ambao nao mvua inawanyeshea. Kijana akajikuna. Akasema tupunguze kwa mwaka. Babu alizaliwa mwaka gani?

Nikamwambia ninachojua. Kulikuwa kunanyesha.

Madam akaokoa jahazi. Akasema cheti cha kuzaliwa tusahau. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilianza kutumika 1928, lakini Mwafrika hakulazimishwa kuandikisha mtoto. Ulazima ulianza 1963 Nairobi na Nyeri, ukawa unatambaa wilaya kwa wilaya hadi 1971 ndipo ukafunika nchi nzima. Ndiyo maana wazee wengi kwenye kitambulisho wamekadiriwa tu tarehe. Mimi nimeangalia kitambulisho cha baba miaka yote hiyo, 1 Januari. Cha mama, 1 Januari. Cha baba yake fundi wa viatu, 1 Januari. Nilidhani wazee wa zamani walikuwa na mpango maalum.

Akasema, twende kwa makanisa. Wakatoliki wakaanza kutabasamu. Mapadre wa Mill Hill walikuwa Mumias tangu 1904, na padre ni mtu wa kitabu. Ukibatizwa anaandika jina, anaandika wazazi, anaandika msimamizi, anaandika kijiji. Ukioa baadaye anarudi kwenye ule mstari wako anaongeza pembeni. Dada wa saluni alimpata babu yake kwenye kitabu kama hicho, ameandikwa Joannes kwa Kilatini. Nyumbani walikuwa wanamwita Yohana Mlevi. Lakini yupo! Ameandikwa! Alilia machozi, tukampigia makofi.

Nami nikanyoosha mkono kwa kiburi. Sisi ni Wafriends, nikasema. Wakweka. Tulikuja Kaimosi 1902. (Nilisema tulikuja, kana kwamba nilishuka na wamishonari kutoka Marekani.) Kenya ina Wakweka wengi kushinda karibu nchi zote duniani, kwa hivyo kitabu chetu lazima ni kikubwa. Madam akanitazama kwa huruma, na si hii ya mtaa.

"Wafriends hawabatizi kwa maji," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Kwa hivyo kitabu cha ubatizo?"

Ukumbi ukanyamaza ukinisubiri nifike. Nikafika. Hakipo. Miaka yote natembea kifua mbele kwamba sisi hatuna mambo ya maji na mishumaa, kumbe tumejifuta. Madam akasema tusikate tamaa, Wafriends wana kumbukumbu za mikutano. Wanapenda sana mikutano. Kama babu alisimama akasema jambo la maana, huenda akaandikwa. Au kama alisimamishwa kwa sababu ya pombe. Nikamuuliza hayo ya pombe yanahifadhiwa wapi, tuanzie hapo.

Kuna mambo mengine alitufundisha ambayo yangenisaidia kama ningekuwa na nauli. Jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile la Moi Avenue Nairobi. Lilikuwa Benki ya India zamani. Hifadhi yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya 1965, na ndani kuna majalada ya wakuu wa wilaya wa ukoloni, ripoti za kila mwaka, kesi, barua za kulalamika. Mimi nimesimama nje ya jumba hilo mara nyingi sana. Nilijua ni mahali pa kukutania na mtu ambaye hatakuja.

Lakini siku ya somo la kipande ndiyo iliyonishika. Kuanzia 1920 hivi, kila mwanaume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu alilazimika kubeba hicho cheti. Jina, kwao, chifu wake, alama za vidole. Halafu mwajiri mmoja baada ya mwingine anaandika ulianza lini, mshahara kiasi gani, umeondoka lini, anatia sahihi. Bila sahihi huendi popote. Kikawekwa kwenye kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Miongoni mwa waajiri wa huku walikuwa Makaburu, waliofika Uasin Gishu 1908 na magari yao ya ng'ombe, wakiongozwa na van Rensburg, na hapa mjini penyewe palikuwa shamba nambari 64, ndiyo sababu wazee wengine bado wanapaita Sisibo, hata baada ya sisi kupandishwa cheo kuwa jiji 2024. Kuka alifanya kazi kwa kaburu upande wa Soy. Hilo nilikuwa nalijua, kwa sababu akilewa alikuwa anatukemea kwa Kiafrikana.

Madam akasema hata Onyango, babu yake Obama wa Kogelo, alikuwa na kitabu cha aina hiyo, kile cha wapishi na watumishi wa nyumbani. Mjukuu alikikuta, akaandika habari zake. Waajiri wengine walimsifu, mmoja akaandika kwamba hafai na hastahili shilingi 60 kwa mwezi. Nikafurahi, jirani, nikafurahi sana. Bosi wangu huniambia maneno kama hayo kila Ijumaa. Nikaona njia ya watoto wangu kwenda Ikulu iko wazi.

Chai ya siku hiyo nilikunywa na yule mzee wa Koitalel. Nilimkalia karibu kwa sababu sahani ya mandazi ilikuwa upande wake. Akaniuliza Kuka alitahiriwa rika gani. Nikamwambia hilo nalijua, hilo hata mimi nalijua, Kinyikeu. Madam akaruka kutoka huko. Kinyikeu! Hiyo ni kati ya 1936 na 1946! Sisi Wabukusu tunatahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, Agosti, na kila rika lina miaka yake. Kumbe miaka yote nilikuwa na tarehe ya babu mdomoni, nimeikalia. Kama aliingia jandoni akiwa kijana, basi alizaliwa miaka ya ishirini hapo, kabla au karibu na ile miaka ya nzige. Kisanduku kikapata tarehe. Niliandika kwa kalamu nyekundu.

Lakini mzee alikuwa ameacha kutafuna. Akasema, "Kinyikeu? Sisi tunasema Kimnyige." Nikamwambia zenu ni zenu na zetu ni zetu. Akasema taja zenu. Nikataja kwa madaha. Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Zinazunguka karne nzima kisha zinaanza upya. Naye akataja zake. Kipkoimet. Kaplelach. Kimnyige. Nyongi. Maina. Chumo. Sawe. Tukatazamana. Akarudia polepole, akihesabu kwa vidole, nami nikihesabu vyangu, na vidole vikawa vinakutana. Wanandi wanazo saba. Ya nane, Korongoro, iko kwa Wakeiyo na Wamarakwet. Yaani sisi na wao tumekuwa tukizunguka gurudumu moja, na wewe unajua hapa Eldoret watu walivyofanyiana 2008, baada ya uchaguzi. Yule mzee na mimi tuko ploti jirani. Tuna kesi ya mtaro wa maji machafu tangu mvua ya mwaka jana. Akanitazama. Akanisogezea mandazi. Mtaro hajazibua mpaka leo, lakini mandazi alinisogezea.

Sasa nikapagawa. Nikawa mtu wa ukoo. Naamka nikiwa na swali, nalala nalo. Madam akasema basi uko tayari kwenda kwa wazee, na akatupa masharti. Usiulize mwaka, uliza ilikuwa kabla au baada ya nzige, kabla au baada ya vita vya Hitler, kabla au baada ya watu kupigwa risasi Malakisi 1948. Beba sukari. Rekodi kwa simu lakini omba ruhusa. Usimkatize mzee. Usibishane. Nikapanda matatu hadi Webuye, nikaunganisha ya kwenda upande wa Lugulu, kwa shangazi yangu mkubwa, dada ya baba. Sukari kilo mbili, kwa mkopo wa mama mboga, ambaye siku hizi ananikopesha kwa ajili ya elimu.

Shangazi alinipokea vizuri mpaka nilipotoa simu. "Unataka nini na Kuka sasa? Kuna shamba?" Hakuna shamba, shangazi. "Kuna fidia ya wazungu?" Hakuna, shangazi. "Basi unamsumbulia nini marehemu?" Nikamweleza darasa. Akasema mambo yote ya ukoo yalisemwa pale pale, siku ya kumuse, baada ya mazishi ya Kuka. Mswala kumuse alisimama mbele ya watu tangu asubuhi, akasema tulikotoka, akasema koo, akasema nani alizaa nani, na mzee yule alikuwa hodari, watu walikuwa wanamlinganisha na Manguliechi mwenyewe, yule bingwa wa kumuse. "Na ulikuwepo!" akasema. Ni kweli nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya nyumba na wapishi. Mtu lazima aangalie nyama.

Halafu akaingia ndani, akarudi na kitu ndani ya leso. Kikopo. Chuma, kidogo, kimepinda upande mmoja, kitundu cha kamba kimelika kwa kutu. Mikono ilinitetemeka, sikufichi. Kipande cha Kuka! Nikakifungua polepole, nikiwaza sahihi ya kaburu, nikiwaza alama za vidole, nikiwaza Madam atakavyoanguka. Nikapiga chafya hadi kofia ikadondoka. Ugoro. Kukhu alitunzia ugoro humo miaka yote baada ya mumewe kukivua. Karatasi je? "Karatasi alisokotea tumbaku," shangazi akasema. "Ilikuwa karatasi nzuri, haikuwa inaungua haraka."

Kwa hivyo historia yetu ilivutwa. Nilikuwa nimesimama hapo na machozi ya ugoro, na ndipo shangazi akakumbuka jambo moja. Moja tu. Jina la baba yake Kuka hakulikumbuka vizuri. Kwao Kukhu alisema ni huko ng'ambo, upande wa Chwele. Lakini kwamba Kuka hakumaliza mahari ya Kukhu, hilo alilikumbuka hadi na jua lilikuwa wapi. Ng'ombe wanne walibaki. "Nenda kwa wajomba," akasema. "Wao wanajua ukoo wetu vizuri kuliko sisi."

Jirani, wewe ni mtu mzima. Ukiambiwa hivyo ungeenda? Mimi nilienda. Na simu nikaiwasha.

Wajomba walinikaribisha kwa viti. Wazee watatu na kijana mmoja wa rika langu. Hawana kompyuta. Hawana padre. Mzee wa katikati akaniuliza mimi ni nani, nikasema Wafula wa Wekesa wa Wafula. Akafumba macho. Akaendelea pale nilipoachia. Huyo Wafula alizaliwa na nani, ambaye alizaliwa na nani, ambaye ndiye aliyekuja kuomba binti yao akiwa na mzungumzaji fulani wa ukoo fulani, wakakaa chini ya mti fulani, akazaliwa na nani, aliyehama kutoka wapi baada ya vita vya Chetambe vya 1895. Akafika juu kabisa ya visanduku vyangu, akavuka, akaenda mahali ambapo karatasi ya Madam haina nafasi. Mimi naandika mkono unaniuma. Naandika huku nalia. Jina la Kukhu likatoka, jina lake hasa la usichana, kana kwamba wamemwita jana. Nanjala! Kukhu alikuwa Nanjala! Ningejua ningempa chakula zaidi.

Kisha akafungua macho na kuanza ng'ombe. Wa kwanza, mwekundu, pembe moja imevunjika, alifika. Wa pili, mweusi mwenye doa jeupe tumboni, alifika akiwa mgonjwa, tuliwaambia. Akasoma hivyo mpaka akafika mahali pa kunyamaza. Wanne hawajafika. Wakanitazama wote. Yule kijana wa rika langu akasogeza kiti karibu kidogo. Nikaelewa kwa nini hao watu hawajamsahau babu yangu hata siku moja. Familia yangu yenyewe ilimpoteza katika vizazi viwili. Wadai wake wamemhifadhi na rangi za ng'ombe wake.

Sikuahidi kitu. Nilisema nitapeleka ujumbe nyumbani, maneno ambayo kila Mbukusu akiyasikia anajua hakuna kitu. Wakanipa chai, wakanipa nambari ya simu, wakachukua yangu. Hilo la kuchukua yangu ndilo lililonikosesha usingizi.

Darasani nilipokelewa kishujaa. Vizazi saba! Madam alivaa miwani zote mbili. Kijana akaingiza majina kwenye laptopu mpaka ikapata moto. Mzee wa Koitalel akanipa mkono. Madam akanisimamisha mbele niwaeleze wenzangu nilipata wapi, na nikawaambia ukweli, kwamba mwenye kutaka ukoo wake atafute mtu anayemdai. Nikaona watu wanaandika. Mama mboga hakuandika. Alikuwa anatabasamu tu na kupapasa mkoba wake ambamo lile daftari linakaa.

Kosa lilikuwa kwamba nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha. Nikamsimulia mama watoto yote, kwa sauti, na vitendo, nikaigiza mzee wa katikati na macho yake. Nilipofika kwa ng'ombe wanne alikuwa anakunja nguo. Akaacha kukunja. Mama watoto ni wa Vihiga, mtu mtulivu, hapendi maneno. Akauliza kwa upole kama watu wa kwao nao wana mzee wa kufumba macho. Nikasema sijui. Akauliza sisi tulibakisha wangapi.

Nikamwambia hayo si mambo ya kuongelea usiku. Akasema ni saa kumi na moja jioni.

Jumamosi hii anaenda darasani naye. Amenunua daftari la kurasa mia, lenye jalada gumu, pale kwa Mhindi. Karatasi ya visanduku hajaigusa bado. Ameanza kwa kuandika jina langu kamili, Wafula wa Wekesa wa Wafula wa fulani wa fulani, vizazi vyote saba nilivyovileta kwa nauli yangu, mpaka juu kabisa, ili nisije nikasema ni Wafula mwingine. Mbele ya jina ameacha nafasi ya rangi za ng'ombe. Na amenituma kwa mama mboga nimkopee kalamu nyekundu.